Siku Niliyopiga Honi Tatu

Nilipohamishiwa Mbinga nilipewa pikipiki ya serikali na kata tatu za kuhudumia. Jeuri nilikuja nayo mwenyewe kutoka Singida. Kule kwetu ardhi imelala. Mgeni akija unamwona tangu yuko mbali, unapata muda wa kufagia uwanja. Mbinga ardhi imesimama. Wamatengo wanalima kwenye miteremko ambayo mbuzi wa kwetu angeikataa, tena wanalima kwa akili: wanachimba ngoro, yale mashimo yaliyopangwa mlima mzima, yanayoshika maji na majani ili udongo usishuke bondeni. Mimi ni afisa ugani, bibi shamba kama wakulima wanavyoniita, na habari za ngoro nilizisoma chuoni nikazifaulia mtihani. Wiki ya kwanza nikatumbukia ndani ya moja na pikipiki yangu.

Walionitoa walikuwa watu wa jaketi. Ilikuwa asubuhi, kwenye njia ya kwenda Mkumbi, ukungu haujaondoka. Nilianza kusikia mngurumo, maana eksozi zao walikuwa wamezikata makusudi, kisha wakatokea sita. Jaketi nyeusi, na mgongoni kila mmoja kachorwa kichwa cha nyati kwa rangi nyeupe. Pikipiki nyingine hazikuwa na namba kabisa, nyingine namba zilikunjwa zisisomeke. Hakuna aliyevaa kofia ngumu. Mmoja wao, mrefu, uso wa upole usiofanana na jaketi lake, akasimama ukingoni akanitazama nilivyolala kwenye maharage ya watu.

"Shikamoo, bibi shamba," akasema. "Unakagua ngoro kwa ndani?"

Wakacheka mpaka mmoja akashika mti. Niliwatukana wote, kwa Kiswahili na kwa Kinyaturu, na Kinyaturu kiliwafurahisha zaidi. Wakanitoa, wakanyoosha usukani wangu kwa mikono, wakaondoka bila kuomba hata asante. Na mimi sikuitoa.

Aliyenieleza ni watu gani alikuwa katibu wa kikundi cha wakulima wa kahawa pale Mkumbi. Nilifika kwenye mkutano wao nimejaa tope, akaniingiza ndani kwake akanipa maji na kanga. Alikuwa mwanamke wa umri kama wangu, mwandiko mzuri kuliko wangu, na kicheko cha chini chini. Alikuwa ameolewa miaka saba bila mtoto. Huku, kama kwetu, mwanamke huitwa kwa jina la mwanawe, mama fulani; yeye hakuwa mama fulani, basi wote tulimwita katibu, na cheo kikasitiri aibu isiyokuwa yake.

"Usigombane nao, dada," akaniambia huku akinifuta mgongo. "Wale ni serikali nyingine."

Nikataka kujua ni serikali ya namna gani. Akanieleza kwamba ni bodaboda, ila hawakai kwenye vituo vya wenzao wala hawataki chama cha mtu. Wanavusha kahawa kwa njia za vichochoro wanazozijua wao. Mwizi akikamatwa huomba apelekwe polisi haraka kabla wao hawajafika. Gari likimgonga mmoja wao halirudi lilikotoka na vioo. Akifa mmoja, jeneza linasindikizwa na pikipiki arobaini, nyingine zimenyanyua gurudumu la mbele, na padri anasubiri kelele ziishe ndipo aanze sala. Jumapili wanakuja misa na jaketi zao, wanakaa benchi la mwisho. Mwenyekiti wao aliwahi kusoma seminari akaiacha, na katibu alisema hata maovu yao wanayafanya kwa utaratibu.

Kisha akaniambia habari za honi. Mmoja wao akipata shida hupiga honi tatu ndefu. Mwenzake akisikia naye hupiga tatu, halafu huenda. Wa tatu husikia kwa wa pili. Milima hii hupokezana sauti, ntambo hadi ntambo, ndivyo wanavyouita mgongo mmoja wa mlima na bonde lake, na simu isiposhika honi hushika. Aliyesikia haruhusiwi kutokwenda. Haulizwi ana kazi gani wala amempakia nani.

"Na abiria?"

"Anashushwa hapo hapo. Mimi nimewahi kushushwa na mfuko wa mbolea, nikatembea nao kichwani mpaka nyumbani." Akacheka. "Aliyenishusha ni mtoto wa mjomba wangu, yule mrefu. Wakishaitwa wameitwa."

Alisimulia kwa fahari, kama mtu anayesimulia ukali wa mbwa wake. Sikuona ubaya wowote. Niliwaza kwamba mimi nikipiga honi huku hakuna hata mmoja atakayekuja, nikaona wivu.

Niseme wazi, maana bila hili mtu hatanielewa: nilikuwa mpweke. Mtumishi akipangiwa mbali na kwao huambiwa hongera, lakini hakuna anayemwambia kwamba jioni zitakuwa ndefu. Nilipanga chumba mjini, baridi ya Mbinga ikanifundisha kulala na soksi. Ofisini tulikuwa watu wa kila mkoa, kila mtu akihesabu siku za likizo. Nilikuwa na katibu tu. Ilikuwa kwake nilipokula, nilipoteta, nilipojifunza kwamba mkulima wa huku akikujibu "tutaona, bibi shamba" maana yake ni hapana. Na mwezi wa Januari, tukiwa kwenye kahawa yake tunatazama kutu ya majani, akaniambia ana mimba ya miezi mitatu. Aliniambia kabla hajamwambia mama mkwe wake. Tulikumbatiana katikati ya mibuni kama wehu.

Watu wa jaketi tulizoeana polepole. Walinizoea kwa sababu nilirudi barabarani kila siku, mwanamke peke yake juu ya pikipiki, na kwa sababu ukinitania nakujibu. Walisema naendesha kama napepeta mchele. Nikawaambia wao wanaendesha kama wanaofukuzwa na baba mkwe. Yule mrefu akanifundisha kushuka mlima kwa gia, bila kuibana breki mpaka itoe harufu. Nikaanza kujua nani kafiwa, nani mkewe kajifungua. Walipogombana na dereva wa basi mjini wakapasua taa zake, nilisikia kwa wengine, nikajifanya sijasikia.

Mvua zilipokatika, mwenyekiti akanialika Jumapili moja tushuke ziwani. Nilijua mtumishi wa serikali hana biashara kwenye msafara ule. Nilikwenda. Baada ya misa tukatoka zaidi ya ishirini, mimi katikati na kofia yangu ngumu ya ofisi, na barabara ya lami ikatushusha kona baada ya kona mpaka baridi ikatuacha. Tulisimama mara mbili kuvua masweta. Kisha ziwa likatokea chini yetu, Nyasa yote, pana hadi ukungu wa upande wa pili. Mbamba Bay wanawake walikuwa wameanika usipa kwenye vichanja, mji mzima unanuka samaki na jua. Walipotuona, wakaanza kuwaita watoto ndani.

Niliona jambo hilo. Mama mmoja alimshika mwanawe mkono akamvuta huku akinitazama mimi, si wao, mimi niliyevaa hijabu katikati ya vile vichwa vya nyati. Nilipaswa kuona haya. Badala yake nikanyoosha mgongo.

Tulikula mbasa, samaki wa ziwa lile, wa kuchoma na ugali wa muhogo, miguu mchangani. Mwenyekiti alikuwa mtu wa miaka arobaini na ushei, mvi chache, sauti ya chini ambayo humlazimisha mtu kusogea. Alipomaliza kula akanawa, akasema mbele ya wote:

"Bibi shamba, jaketi huwezi kuvaa. Wewe ni serikali, tena mwanamke, tena benchi letu la nyuma hukai."

Wakacheka. Nami nikacheka.

"Lakini milima hii unaipanda peke yako. Ukipata shida ya kweli, piga tatu. Watu wangu watakuja." Akajifuta mikono. "Ya kweli."

Sijawahi kupewa kitu kilichonifurahisha namna ile. Baba yangu alikuwa na wana saba wa kiume na mimi mmoja, na katika nyumba ile nilizoea kuita mara kumi ndipo mtu aitike. Njiani kurudi nilikuwa naimba ndani ya kofia. Nilipomweleza katibu, hakushangilia nilivyotegemea. Tumbo lilikuwa limeshamfanya mzito, amekaa kwenye kigoda anachambua maharage.

"Usizoee," akaniambia. "Wanasaidia, sikatai. Ila kila wanapomsaidia mtu, kuna mwingine wamemwacha njiani."

Nikamwambia ujauzito umemfanya mwoga.

Ilikuwa Julai, msimu wa kuchuma. Niliondoka mjini saa mbili asubuhi kwenda Mkumbi, njia nyembamba, vumbi jekundu, huku na huku watu wako kwenye kahawa na magunia yao. Nyuma yangu likaja gari dogo la mizigo limejaza viroba vya usipa kutoka ziwani. Dereva akapiga honi nimpishe. Nilikuwa na nafasi ya kumpisha. Sikumpisha, kwa sababu aliipiga honi kama anayeswaga ng'ombe, nami nimekwisha kusema nina jeuri. Akapiga tena. Nikapunguza mwendo zaidi. Mwishowe akanipita kwa nguvu pale njia ilipopanuka, akatoa kichwa dirishani. Alikuwa mzee, ndevu nyeupe.

"Mwanamke, rudi jikoni! Pikipiki waachie wanaume!"

Basi, hicho ndicho kilichotokea. Sikuanguka. Hakunigusa hata upindo wa nguo. Pikipiki yangu ilisimama wima, mimi nilisimama wima, nimejaa hasira tu. Hasira hasara, nilifundishwa hilo kabla sijajua kusoma. Nikaweka kidole kwenye honi nikapiga tatu ndefu.

Kwa muda hakukuwa na kitu, nikadhani haikusikika. Kisha upande wa kulia, mbali, zikajibu tatu. Halafu nyuma ya mlima, tatu. Halafu nyingine ndogo kabisa, upande wa kata ya Ukata, kama mbu. Wachumaji wakanyanyua vichwa. Yule mzee naye alizisikia. Alikuwa hajafika mita mia mbili, na alijua maana yake, kwa sababu alisimamisha gari mwenyewe, akashuka, akakaa kando ya njia mikono juu ya magoti. Hakujaribu hata kukimbia. Nilipoona hivyo, sikumwonea huruma. Niliona raha, na hiyo ndiyo sehemu ninayoichukia zaidi kuikumbuka.

Walikuja kutoka kila upande, wengine wakikatiza kwa njia za miguu. Walikuwa ishirini na kitu, mwenyekiti mwenyewe akiwemo. Hakuna aliyeniuliza kimetokea nini. Walinitazama tu, nikamnyooshea kidole mzee. Wakachukua ufunguo. Wakashusha viroba, wakapasua viwili, usipa wakamwagika vumbini wakimetameta. Wakampigisha magoti.

"Mwombe radhi."

"Nisamehe, mama," akasema. Alikuwa sawa na baba yangu kwa umri.

Nikasema sijasikia vizuri, arudie.

Akarudia.

Hapo ndipo yule mrefu alipofika, wa mwisho, pikipiki yake imejaa vumbi mpaka machoni. Nyuma kwenye kiti cha abiria alikuwa amefunga beseni la kijani kwa mpira. Juu yake kanga mbili zimekunjwa, na chini yake najua kulikuwa na mpira wa kulalia, wembe, uzi, pamba, glavu. Hakuna mwanamke wa nchi hii asiyelijua beseni hilo. Linafungwa mimba ikifika miezi minane na kuwekwa karibu na mlango. Kanga ya juu niliitambua, ndiyo ile niliyopewa siku ya tope.

"Abiria wako yuko wapi?" nikamwuliza.

"Nimemshusha pale mlima unapoanza, baada ya daraja." Alisema bila wasiwasi, bado anahema. "Ni dada. Uchungu ulimwanza alfajiri, nilikuwa nampeleka kituo cha afya. Nikaitwa."

Kisha akatazama pikipiki yangu iliyosimama kwa stendi yake, akanitazama mimi, akamtazama mzee aliyepiga magoti juu ya usipa.

Nilimwambia mwenyekiti arudishe ufunguo na gari litufuate. Nadhani nilipiga kelele. Mimi na yule mrefu tukatangulia. Sikumbuki kona wala gia; nakumbuka lile beseni likirukaruka mbele yangu.

Hatukumkuta pale alipomwacha. Alikuwa amejaribu kutembea, na alikuwa amefika mbali kuliko nilivyotarajia, akipanda mlima kwa mikono na miguu. Alama za viganja zilionekana kwenye vumbi. Wachumaji walimsikia wakamteremsha chini ya mibuni yao, wakatandika magunia. Kulikuwa na akina mama watatu, watu wazima. Mtoto alikuwa ameshatoka. Alikuwa wa kiume, mkubwa, kitovu kilimzunguka shingoni mara mbili. Mmoja wa wale mama alikuwa anampulizia mdomoni, anapumzika, anampulizia tena. Walikuwa wamekosa hata wembe. Mwingine alikuwa amekwenda mbio nyumbani kutafuta kisu.

Yule mrefu akaleta beseni, akaliweka chini miguuni mwa dada yake. Akabaki ameinama mbele yake kama anayesubiri kuambiwa kazi nyingine.

Kituo cha afya kilikuwa robo saa kwa pikipiki kutoka alipomshusha. Nesi aliniambia baadaye, bila kujua anamwambia nani, kwamba kitovu kama kile wanakiona mara nyingi, wanakifungua kwa vidole, mtoto analia.

Aliyempeleka katibu hospitali ni yule mzee. Damu zilikuwa nyingi, hapakuwa na gari jingine. Alishusha viroba vilivyobaki mwenyewe, akaviacha barabarani, akatandika turubai lake. Tulimlaza nyuma, mimi nimempakata kichwa, na mzee akaendesha kwa uangalifu ambao sijawahi kuuona kwenye njia zile, akikwepa kila shimo. Tulipofika akasaidia kushusha machela. Hakunitazama hata mara moja. Katibu alipona. Mtoto alizikwa kesho yake, na watu wa jaketi wakaja wote, injini zimezimwa, wakisukuma pikipiki kwa miguu kutoka barabarani.

Siku ya nne niliitwa kwenye kikao chao, kwenye gereji wanayokaa. Nilidhani nakwenda kushtakiwa, na niseme ukweli, nilikwenda na nafuu moyoni. Yule mrefu alisimama katikati. Mwenyekiti akamwuliza kama alisikia honi. Akasema ndiyo. Kama alikwenda. Ndiyo.

"Aliyeitwa akaja hana kosa," mwenyekiti akasema, na wote wakaitikia kwa kichwa. Yule mrefu akakaa. Hakuonekana kama mtu aliyesamehewa. Kisha mwenyekiti akanigeukia mimi.

"Wewe uligongwa, bibi shamba."

"Sikugongwa."

"Uligongwa na lile gari, ukaanguka. Ndiyo maana ulipiga."

"Alinitukana tu, mwenyekiti. Ulikuwepo, uliniona."

Akasogea karibu, na sauti yake ikashuka zaidi. "Nilikuona. Lakini watu wangu hawamwachi mjamzito njiani kwa sababu ya tusi. Hilo halipo. Kwa hiyo uligongwa. Familia imeshaambiwa, na mjomba wa katibu ametuelewa."

Nilitazama nyuso zao moja moja. Hawakuwa wananitisha. Ingekuwa rahisi kuandika kwamba walinitisha. Walikuwa wananiomba. Wanaume ishirini na kitu wenye vichwa vya nyati mgongoni walikuwa wananiomba niwaachie sheria yao ibaki na heshima, kwa kuwa hawakuwa na kitu kingine. Nami nilikuwa na hofu zangu: kazi yangu, uso wa katibu, na zile jioni ndefu ambazo zingerudi. Nikanyamaza. Huku kwetu sote, anayenyamaza amekubali.

Uongo ule ulitembea vizuri kuliko pikipiki yoyote. Sokoni waliniuliza mguu unaendeleaje. Ofisini bosi akanipa siku tatu za kupumzika, nikazichukua. Wakulima wa Ukata walinipa kuku. Yule mzee wa usipa hakupita tena njia ile. Nilisikia watu wakisema ana bahati, angechomewa gari. Yeye peke yake alijua ukweli nje ya jaketi zile, na nani angemsikiliza. Mara mbili nilianza safari ya kwenda kwa katibu, mara mbili nikageuzia darajani. Nilimtumia salamu kwa watu, kama mtu anayeishi nchi ya mbali.

Basi akaja yeye. Wiki ya sita, saa nane mchana, nilisikia hodi nikafungua, nikamkuta mlangoni na mkungu mdogo wa ndizi na kifurushi cha maharage. Amekonda, kanga imemzunguka mara mbili na zaidi. Alikuwa ametembea sehemu kubwa ya njia, kwa kuwa hapandi tena pikipiki.

"Nimechelewa kuja kukupa pole, dada," akasema. "Unisamehe. Nilikuwa ndani."

Nilimkaribisha. Nikampa kiti, mimi nikakaa kitandani. Alinipa pole ya kugongwa. Alisema alisikia nililala barabarani sijiwezi, na kwamba akiwa pale chini ya mibuni aliwaza, labda Mungu alikuwa anachagua kati yetu wawili, na angalau mmoja amebaki. Alisema yeye ameshamsamehe yule mzee kwa kunigonga, maana ndiye aliyempeleka hospitali. Alimtumia neno la shukrani na mzee hakujibu. Kisha akauliza niliumia wapi.

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nimelitumia wiki sita kwa watu wa kila aina. Lakini ndizi zilikuwa sakafuni kati yetu, na alizibeba kwa miguu yake.

"Sikuumia," nikasema. "Sikugongwa. Alinitukana, nikakasirika, nikapiga."

Hakushtuka. Alinitazama kwa makini, kama alivyokuwa akitazama hesabu za kikundi zikikataa kukubaliana.

"Alikutukana nini?"

Nilitaka asiulize hilo. Ningejibu lingine lolote.

"Aliniambia nirudi jikoni. Kwamba pikipiki niwaachie wanaume."

Akasubiri. Alidhani yako mengine yanakuja.

"Halafu?"

"Basi."

"Rudi jikoni," akasema taratibu. "Mume wangu huniambia hivyo kila nikichelewa kikundini."

Nilisema nisamehe, nikaisema tena, nayo ilikuwa nyepesi mdomoni kuliko ya yule mzee vumbini. Hakuniambia amenisamehe, wala hakunilaani. Baada ya muda akainuka, akajifunga kanga vizuri, akasema inabidi aanze safari kabla jua halijashuka, maana njia ni ndefu kwa mguu. Ndizi aliziacha pale pale. Nikainuka na mimi, nikatafuta kandambili zangu nimsindikize, kama inavyompasa mtu kumsindikiza mgeni wake.

Akanionyesha kwa kiganja, nikae.